Hodi Isiyo na Jina

Nilipokuwa mtoto, nyumba ya bibi yangu ilikuwa na mlango mzito wa mbao, na nyuma ya mlango huo palikuwa na swali moja lisilobadilika. Ukipiga hodi, bibi aliuliza kutoka ndani: "Nani?" Sisi watoto, kwa haraka ya njaa na jua, tulijibu: "Mimi." Hapo mlango haukufunguka. "Mimi ni wengi," alisema. "Wewe mimi wa nani?" Ilikubidi umtaje baba yako, na kama bibi hakumjua baba yako, umtaje jirani aliyekutuma. Wakati ule nilimwona mkali. Leo nina umri wa miaka 66, nimestaafu kazi ya ualimu, na somo lile la mlangoni nimelisoma upya, safari hii kwa aibu, mbele ya mashine.

Wasomaji wangu wamenizoea kwa mambo ya vina, ngeli na maneno yaliyosahaulika. Mniwie radhi leo nikizungumzia barua pepe zinazotumwa na tovuti, na sababu zinazozifanya ziangukie katika kapu la barua taka zisimfikie mteja. Jambo hili lilikaribia kunipotezea rafiki wa miaka 40. Nilipolichunguza, nilikuta limejaa mambo ambayo sisi wapenzi wa lugha tunayajua tangu zamani: anwani, sahihi, salamu, na jina.

Nilipostaafu niliondoka darasani na makasha manne ya vitabu. Mwanafunzi wangu wa zamani, ambaye sasa ni fundi wa tovuti, akanishauri tufungue duka dogo la vitabu mtandaoni: diwani, kamusi, tamthilia, na vitabu vikongwe visivyopatikana tena madukani. Duka lenyewe ni chumba kimoja nyumbani kwangu, Tanga. Mteja huchagua kitabu katika tovuti, hulipa kwa simu, nasi tunakifunga na kukipeleka stendi kisafiri kwa basi. Wateja wetu wengi wako Tanga, Dar es Salaam na Mombasa. Wachache wako mbali zaidi, akiwamo mmoja wa Maskati anayenunua kila utenzi tunaoupata.

Tovuti hiyo hutuma barua yenyewe, bila mkono wa mtu. Mteja akiagiza, barua ya kwanza humwambia kuwa oda imepokelewa. Akilipa, ya pili humpa stakabadhi na kumwomba jina la mtu atakayepokea mzigo. Asipojibu, ya tatu humkumbusha. Mashine haina maneno yake, maneno ni yangu. Nilizitunga barua hizo kwa wiki nzima, nikizisoma kwa sauti, nikipunguza hapa na kuongeza pale. Vichwa vyake nilivitia mwishoni, kwa herufi kubwa, nikidhani kelele huvuta macho. Kwa yaliyobaki niliitegemea methali isemayo kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza.

Mwezi Septemba mwaka 2023 iliingia oda ya nakala 12 za kitabu cha kufundishia utunzi wa mashairi. Jina la mnunuzi lilikuwa la kijana nisiyemjua. Fedha zililipwa siku ile ile. Barua ya pili ikamwendea, hakujibu. Ikamwendea ya tatu, hakujibu. Fundi wangu akasema wateja wengine ndivyo walivyo, wakishalipa husahau. Nami nikauacha mzigo kwenye kona ya chumba, umefungwa vizuri, unangoja jina.

Wiki tatu baadaye nilikuwa msibani. Baada ya maziko, tukiwa tumeketi mkekani, mzee mmoja niliyefundisha naye alinivuta kando akaniuliza kwa sauti ya chini kama nina shida ya fedha. Nikashangaa. Ndipo akaniambia kwamba mwalimu mwenzetu wa Pangani amekuwa akisema, kwa uchungu, kwamba nimekula fedha za zawadi za wanafunzi wake. Mwanamke huyo nilisoma naye chuo cha ualimu, na tangu wakati huo tumekuwa tukijibizana kwa mashairi, kwanza kwa barua za stempu, kisha kwa simu. Baada ya kustaafu amekuwa akijitolea kufundisha katika shule iliyo karibu naye, na alikuwa ameandaa mashindano ya utunzi. Vitabu 12 vilikuwa zawadi. Aliyeagiza alikuwa mjukuu wake. Siku ya mashindano ilifika, vitabu havikufika, na washindi waliambulia kupewa mkono na kupigiwa makofi.

Sijui kama msomaji amewahi kuitwa tapeli. Katika nchi ambamo karibu kila mwenye simu amewahi kuletewa ujumbe wa "ile hela itume kwenye namba hii", neno hilo haliko mbali na mtu yeyote anayepokea fedha bila kuonekana uso. Nilifundisha miaka 36. Nilisahihisha madaftari kwa taa ya chemli. Sikudhani kwamba uzeeni neno hilo lingewekwa karibu na jina langu, tena na yeye.

Asubuhi iliyofuata nilipanda basi la Pangani, mzigo magotini. Nikavuka mto kwa kivuko hadi Bweni, nikatembea mpaka kwake, nikapiga hodi. "Nani?" Nikataja jina langu kamili na la baba yangu. Palikuwa kimya kidogo. Kisha akasema: "Karibu, Mwalimu." Siku zote huniita kaka.

Chai ililetwa, maana hasira haivunji adabu ya nyumba. Niliuweka mzigo juu ya meza nikamweleza kwamba tuliandika mara tatu. Akamwita mjukuu wake. Kijana aliniamkia, akafungua simu, akatafuta. "Babu, hakuna kitu." Nikamwomba atazame kila mahali. Akagusa sehemu ambayo, kwa maneno yake, huwa haifungui kabisa: Barua Taka. Zilikuwamo zote tatu. Juu yake palikuwa na barua ya mtu anayetafuta mrithi wa mamilioni ya fedha, na chini yake palikuwa na barua ya kumpongeza kijana kwa kushinda bahati nasibu ambayo hakuicheza. Barua yangu ya pili ilikuwa na kichwa hiki: "HONGERA!!! MALIPO YAKO YAMEFIKA. BOFYA HAPA UTHIBITISHE."

Mwenzangu alivaa miwani, akakisoma kichwa kile kwa sauti, taratibu, kama asomavyo insha ya mwanafunzi. Kisha akasema: "Mwalimu, hata mimi ningekutia humo humo." Akacheka kidogo. Mimi sikuweza kucheka. Vitabu nilivikabidhi, lakini mashindano yalikuwa yamekwisha, na watoto wale walikuwa wamekwisha kujifunza kwamba ahadi ya watu wazima inaweza kuvunjika. Nikiwa kivukoni narudi, niliamua kwamba sitalala kabla ya kuelewa barua zangu zilikosa nini.

Kwanza nilitafakari neno lenyewe. Waliotunga istilahi ya "barua taka" walibahatika. Taka ni uchafu wa kutupwa, na taka ni shina la kitenzi cha kutamani, hivyo barua taka ni barua usiyoitaka. Waingereza na Wamarekani huziita barua hizo kwa jina la nyama ya kopo iliyoanza kuuzwa Marekani mwaka 1937. Jina hilo lilikuja kunasa katika mambo ya mtandao kwa sababu ya mchezo wa kuchekesha wa kundi la Monty Python wa mwaka 1970, ambamo jina la nyama hiyo hurudiwarudiwa mpaka mazungumzo mengine yote yanazimwa. Jina lao linahitaji kisa ili lieleweke, letu linajieleza lenyewe.

Udhia huu ni mkongwe kuliko intaneti tunayoijua. Tarehe 3 Mei 1978, Gary Thuerk, mtu wa masoko wa kampuni ya kompyuta ya Digital Equipment Corporation, alituma tangazo moja kwa watu wapatao 400 katika ARPANET, mtandao uliotangulia intaneti. Wengi walikasirika. Mwaka 1982 zikachapishwa kanuni za kusafirisha barua pepe, zilizoandikwa na Jon Postel, ambazo msingi wake unatumika hadi leo. Zilitungwa wakati watumiaji wa mtandao walikuwa jamii ndogo ya watafiti walioaminiana, nazo hazikumtaka mtumaji athibitishe kwamba ndiye. Ukiandika mahali pa mtumaji jina la waziri, barua ilikwenda kwa jina la waziri. Nyumba hiyo ilikuwa na mlango, lakini hakuna aliyeuliza "Nani?"

Sisi walimu wa serikali tulikuwa na utaratibu mwingine. Mwalimu aliyetaka uhamisho hakumwandikia afisa elimu moja kwa moja. Aliandika "kupitia kwa Mkuu wa Shule", na Mkuu akatia maoni yake, sahihi yake na mhuri. Barua iliyoruka ngazi hiyo, hata iwe na Kiswahili fasaha namna gani, iliwekwa kando. Ujanani niliona ule ni urasimu mtupu. Sasa naona kwamba ofisi ilikuwa ikiuliza swali la bibi yangu: nani anakujua?

Barua pepe ilichukua miaka mingi kupata mhuri wa namna hiyo. Leo mihuri ni mitatu, nayo hujulikana kwa herufi zake: SPF, DKIM na DMARC. Yote huandikwa katika daftari la wazi la majina ya mtandao, liitwalo DNS. Kila mwenye jina la kikoa, yaani jina la tovuti kama lile la duka letu, ana ukurasa wake katika daftari hilo. Yeye ndiye mwenye haki ya kuuandika, na dunia nzima ina haki ya kuusoma.

SPF ni orodha ya wajumbe. Mwenye jina hutangaza kwamba barua zake hubebwa na seva hizi na hizi. Barua ikifika, seva ya mpokeaji hutazama imeletwa na seva gani, kisha huisoma orodha. Hapa ndipo lilipokuwa kosa letu kubwa. Barua za duka zilikuwa zikitoka kwa jina la anwani ya bure niliyoifungua zamani kwa mambo yangu binafsi. Aliyezibeba, hata hivyo, alikuwa seva ya kukodi inayohifadhi tovuti yetu pamoja na tovuti nyingine nyingi za watu tusiowajua. Wenye jina lile la anwani ya bure hawakuwa wameiorodhesha seva hiyo, wala hawakuwa na sababu ya kuiorodhesha. Mpokeaji alipouliza kama mjumbe huyu ametumwa na wenye jina, jibu lilikuwa hapana. Barua yangu ilisimama mlangoni ikisema "Mimi."

DKIM ni sahihi. Seva inayotuma hupiga hesabu juu ya maneno ya barua na baadhi ya vichwa vyake, huifunga hesabu hiyo kwa ufunguo wa siri, kisha huiambatisha. Mpokeaji huchukua ufunguo wa wazi kutoka katika daftari na kuhakiki. Herufi moja ya maneno ikibadilishwa njiani, hesabu hazilingani. Washairi hatuhitaji kufafanuliwa sana jambo hili. Katika shairi lenye mizani 16 kwa kila mshororo, mnakili akidondosha silabi moja, msomaji mwenye sikio huligundua pengo hata kama hajawahi kuiona nakala ya kwanza. Mizani haimwambii ni neno gani lililopotea, ila humwambia kwamba mkono mwingine umepita hapo. Sahihi hii ya mtandao, ambayo kanuni zake zilitoka mwaka 2007, hufanya kazi inayofanana na hiyo, kwa ukali zaidi.

DMARC, iliyochapishwa kwa ukamilifu mwaka 2015, ni agizo. Mwenye jina humwambia mpokeaji: ukiletewa barua yenye jina langu ikashindwa vipimo, ama iache ipite, ama itie katika taka, ama ikatae kabisa, nawe unipe taarifa. Tena hudai kwamba jina linaloonekana machoni pa msomaji lipatane na jina lililothibitishwa kwa SPF au kwa DKIM. Bila mapatano hayo, tapeli angeweza kuthibitisha jina moja nyuma ya pazia na kuonyesha jina jingine usoni.

Fundi wangu aliyajua mambo haya kwa juu juu. Tulikaa pamoja siku kadhaa, yeye akisoma, mimi nikiuliza maswali ya kizee. Siku ya tatu tuligundua kosa la pili, na hilo ndilo lililoniuma kuliko la kwanza.

Tovuti yetu ina fomu ya maswali. Mteja akijaza swali lake, tovuti hunitumia barua. Tulikuwa tumeipanga barua hiyo ionekane kana kwamba imetoka kwa mteja mwenyewe, kwa anwani yake, ili nikibonyeza pa kujibia jibu limwendee yeye. Nia ilikuwa njema. Lakini seva yetu haikuwa na ruhusa ya kusema kwa jina la mteja, kama isivyokuwa na ruhusa ya kusema kwa jina la anwani ya bure. Nilipoelezwa hivyo, nilifungua kapu langu mwenyewe la barua taka, ambalo nilikuwa silitazami. Nilikuta maswali tisa ya wateja yaliyorundikana humo. Mawili yalikuwa ya yule mjukuu. La kwanza lilisema: "Shikamoo Babu, naomba kujua vitabu vya bibi vitatoka lini." La pili, la siku mbili kabla ya mashindano, lilisema: "Babu, bibi anasubiri."

Nilikuwa nimekwenda Bweni nikijiona mtu aliyedhulumiwa, mtu aliyeandika mara tatu asijibiwe. Kumbe nao walikuwa wamepiga hodi mara mbili kwangu, na mlango uliofungwa ulikuwa wangu. Jioni ile nilimpigia simu mwenzangu nikamsomea barua zote mbili za mjukuu wake, na tarehe zake. Hakusema mengi. Alisema: "Basi tulikuwa tumesimama pande mbili za mlango mmoja, kaka." Neno hilo la mwisho lilinitosha.

Matengenezo yenyewe hayakuwa makubwa kama madhara. Kwanza, tuliiacha anwani ya bure na kuanza kutuma kwa anwani yenye jina la duka letu wenyewe. Pili, tuliacha kuitegemea seva ya tovuti kubeba barua. Sasa tovuti huzikabidhi kwa huduma maalumu ya kusafirisha barua pepe, na hujitambulisha kwa jina na nywila kabla ya kukabidhi. Tatu, tuliandika ile mihuri mitatu katika daftari. Agizo la DMARC tulilianza kwa upole, la kuacha barua zipite na kupewa taarifa tu, tukazisoma taarifa hizo kwa wiki kadhaa ili tujue nani anatuma kwa jina letu, ndipo tukalikaza. Nne, fomu ya maswali sasa hutuma kwa jina la duka, na anwani ya mteja huwekwa mahali pake panapostahili, pa kujibia. Katika barua za ofisi tuna vifupisho "k.n.y.", kwa niaba ya. Karani anayetia sahihi kwa niaba ya bwana wake hughushi akiandika jina la bwana bila herufi hizo, lakini akiziandika anakuwa ametimiza wajibu. Tofauti yetu ilikuwa ndogo kiasi hicho.

Ilibaki kazi ya lugha, na hiyo ilikuwa yangu. Mashine za kuchuja barua huyatazama maneno pia. Mwaka 2002 Paul Graham, mwandishi wa programu, alichapisha makala iliyopendekeza kila neno lipewe uzito kulingana na mara linazoonekana katika barua taka na katika barua njema, kwa hesabu za uwezekano zinazotokana na Thomas Bayes, kasisi wa Kiingereza wa karne ya 18. Katika mizani hiyo hakuna neno moja linalohukumiwa peke yake, maneno hupimwa pamoja na wenzake. Machujio ya leo huangalia mengi zaidi, kama vile sifa ya mtumaji na namna wapokeaji wanavyozitendea barua zake, lakini fundisho lile kwa mwandishi halijabadilika. "Hongera", herufi kubwa, alama tatu za mshangao na amri ya kubofya ni marafiki wa muda mrefu wa matapeli. Niliyakusanya yote katika mstari mmoja, halafu nikashangaa nilipofananishwa nao.

Barua ya pili sasa ina kichwa hiki: "Oda yako ya vitabu 12: tunaomba jina la mpokeaji." Ndani yake mna jina la mteja, jina la kitabu, kiasi alicholipa, mahali lilipo duka, na namba ya simu anayoweza kuipiga akasikia sauti ya mtu. Picha nimeiondoa. Kiungo cha kubofya nimekiondoa, mteja hujibu tu kama anavyojibu barua nyingine. Nilipoisoma kwa sauti nilitambua kwamba ndiyo barua niliyowafundisha wanafunzi kwa miaka 36: anwani, tarehe, salamu, kiini, hitimisho, jina. Nilikuwa nimeyaacha yote hayo kwa sababu niliona mtandao ni dunia nyingine.

Miezi michache baadaye, Februari 2024, Google na Yahoo zilianza kuwadai watumaji wakubwa mihuri yote mitatu, pamoja na njia nyepesi ya mpokeaji kujiondoa katika matangazo. Kwa upande wa Google, mtumaji mkubwa ni yule anayetuma barua 5,000 au zaidi kwa siku kwa wenye anwani za Gmail, na hata mdogo hutakiwa awe na SPF au DKIM. Malalamiko ya wapokeaji nayo hayatakiwi kufikia asilimia 0.3, yaani watu watatu katika kila barua 1,000. Sisi hatuna barua 5,000 hata kwa mwaka. Lakini kwa duka dogo, mtu mmoja aliyechukizwa ni sehemu kubwa ya hesabu. Kwa hiyo tumezitenga barua za oda na barua za matangazo. Tangazo la vitabu vipya humwendea aliyeliomba tu, na akichoka tunamwacha aende kwa salama.

Naomba nisieleweke vibaya, kana kwamba nimeiona mihuri hii ni dawa ya kila kitu. Tapeli naye anaweza kununua jina la kikoa, akaandika SPF, akatia sahihi ya DKIM, na barua yake ikafika ikiwa imekamilika. Mihuri huthibitisha nani amesema, haithibitishi kwamba alichosema ni kweli. Bibi yangu alilijua hilo. Kulitaja jina la baba yako hakukukufanya uwe mtoto mwema. Kulimwezesha tu kujua akamshitakie nani ukivunja kikombe. Wema ulijulikana baadaye, kwa kuja na kurudi, na ndivyo linavyojengwa jina la mtumaji katika mtandao: polepole, barua kwa barua, na hubomoka kwa siku moja.

Vilevile nawahurumia wadogo. Kikundi cha ushirika kijijini au mwandishi anayeuza diwani yake mwenyewe hupewa tovuti ikiwa tayari, bila kuambiwa kwamba barua zake zinatoka bila utambulisho. Hapati taarifa yoyote ya kosa. Barua huonekana imekwenda. Kimya kinachofuata hukitafsiri kuwa dharau ya wateja, na wateja hukitafsiri kimya chake kuwa wizi. Ukiwa na tovuti, muulize fundi wako maswali matatu: barua zetu zinatoka kwa jina la nani, nani anazibeba, na je, mbebaji huyo tumemwandika katika daftari? Akisitasita, anza hapo.

Nasi tumeongeza kanuni moja isiyohitaji seva. Mteja aliyelipa asipojibu kwa siku mbili, nampigia simu mwenyewe. Yule wa Maskati alicheka nilipompigia mara ya kwanza, akasema alidhani duka letu halina watu. Lakini mteja mmoja kati ya wale wa fomu hakupokea simu yangu, wala hakurudi tena, na sina namna ya kumweleza.

Mashindano ya mwaka uliofuata, vitabu vilifika Bweni wiki moja kabla. Mara hii mwenzangu aliagiza kwa jina lake mwenyewe, na barua ya tovuti ilipomfikia, aliijibu kwa maneno machache: "Hodi imesikika, kaka. Mpokeaji ni mimi, na safari hii mimi unamjua."

Washairi wetu wa kale walikuwa na desturi ya kujitaja katika beti za mwisho, jina na mji, ili shairi likisafiri bila wao lisikose wa kulijibia. Barua inayotumwa na mashine nayo husafiri bila mwenyewe. Nawe msomaji, kabla hujalala leo, fungua lile kapu usilolifungua. Huenda mna mtu humo aliyekwisha kupiga hodi mara mbili.